Kabla ya Watu Kula Bata Bodrum: Mfungwa Mmoja, Wapiga Mbizi na Majahazi Yao

Picha zenyewe unazijua. Jahazi la mbao linalong'aa kwa vanishi, milingoti miwili, maji ya bluu yaliyotakata mpaka nanga inaonekana ilipolala chini, na watu wenye fedha zao wamejilaza sitahani kwenye magodoro meupe, glasi mkononi. Leo wako ghuba hii, kesho kisiwa kile, keshokutwa kingine. Wiki nzima hakuna anayevaa viatu. Ukitazama wameandika wako wapi, mara nyingi utakutana na jina moja: Bodrum, mji wa pwani kusini magharibi mwa Uturuki.

Kula bata huko kuna bei yake, na hilo kila mtu analijua. Wanachojua wachache ni kwamba miaka mia moja iliyopita kupelekwa Bodrum ilikuwa hukumu ya mahakama. Na majahazi yale ya kifahari hayakuzaliwa kwenye ufahari. Babu zao ni vyombo vya masikini waliokuwa wanakwenda miezi kadhaa kutafuta sponji chini ya bahari, na baadhi ya waliokwenda navyo walirudi wamebebwa.

Kosi, Rodo, Patara

Msomaji wa Biblia ameshapita njia hii, pengine bila kujua. Kwenye Matendo ya Mitume, mwanzoni mwa sura ya 21, Paulo na wenzake wanaagana na watu, wanatweka tanga na kufika Kosi. Siku inayofuata wako Rodo, halafu Patara, ambako wanabadili chombo. Kosi ndiyo Kos ya leo, kisiwa cha Ugiriki unachokiona kwa macho ukisimama Bodrum. Rodo ni Rhodes. Patara ni magofu na ufukwe mrefu wa mchanga upande wa Uturuki. Yaani karibu miaka 2,000 iliyopita watu walikuwa wanaruka kisiwa hadi kisiwa kwenye pwani hiyohiyo, ila hawakuwa wanatalii.

Walifanya hivyo kwa sababu bahari yenyewe ndivyo inavyotaka. Milima inashuka mpaka majini, pwani imekatikakatika kwa ghuba ndefu, na visiwa vimekaa karibu karibu kama vibanda vya soko. Kiangazi unavuma upepo wa kaskazini wanaouita meltemi. Asubuhi unakuwa mpole, lakini jua likipanda nao unachachamaa. Nahodha wa zamani, asiye na injini, aliondoka alfajiri ili mchana umkute ameshatia nanga mahali palipokingwa, pawe na kisima na kuni. Hata leo ratiba ya mtalii inafuata desturi hiyo: safari asubuhi, nanga mchana, kuogelea, kula, kulala.

Bodrum wakati wa Paulo iliitwa Halikarnasi, na ilikuwa na jina kubwa tayari. Hapo ndipo alipozaliwa Herodotus, Mgiriki anayeitwa baba wa historia. Hapo pia alizikwa mtawala Mausolus, karne ya 4 kabla ya Kristo, kwenye kaburi kubwa lililoingizwa kwenye orodha ya maajabu saba ya dunia. Matetemeko yakaliangusha kaburi hilo. Kuanzia karne ya 15 mashujaa wa Kikristo waliokuwa na makao yao Rhodes wakayachukua mawe yake kujengea ngome pale bandarini. Baadaye ngome ikaingia mikononi mwa Waturuki, na mwishoni mwa karne ya 19 ikawa gereza.

Kumbuka hiyo ngome, maana simulizi hii itairudia.

Mtu aliyehukumiwa kwenda peponi

Mwaka 1925, Istanbul, kulikuwa na mwandishi mmoja aliyepitia mengi. Alizaliwa kwenye familia ya pasha, akasoma Oxford, akarudi nyumbani anajua lugha kadhaa na anachora. Halafu mwaka 1914 baba yake akafa kwa risasi, na bunduki ilikuwa mkononi mwa kijana huyu. Alifungwa kwa kosa hilo, akaachiwa baada ya miaka kama saba akiwa anaumwa kifua kikuu. Akawa anaishi kwa kuandika magazetini na kuchora majalada.

Jamhuri ya Uturuki ilikuwa changa, haina hata miaka miwili, na serikali haikuwa na mzaha. Mwandishi akachapisha kisa cha wanajeshi watoro walionyongwa bila kesi. Mahakama maalumu ikamwita, ikasema anawavunja moyo askari, ikampa miaka 3 ya kufungiwa ngomeni. Ngome yenyewe: Bodrum.

Wakati huo hakuna aliyekuwa anakwenda Bodrum kwa hiari. Barabara hakuna, umeme hakuna, mji wenyewe umefubaa kwa sababu sehemu ya watu wake walikuwa wameondoka. Alisindikizwa na askari, safari ndefu ya vituo vingi, akitarajia shimo la jela. Alipofika akakuta mkuu wa wilaya hana mpango wa kumfungia popote. Akaruhusiwa kupanga nyumba karibu na maji. Ile bahari aliyoletewa iwe ukuta wa gereza ikawa inagonga mlango wake kila asubuhi.

Nusu ya pili ya kifungo aliimalizia Istanbul. Siku alipokuwa huru kabisa, mtu wa Oxford, mtoto wa pasha, alifungasha virago akarudi kule alikohukumiwa. Akaishi Bodrum miaka mingi: anavua samaki, anapanda miti, anaagiza mbegu na miche kutoka nje, anaandika hadithi za wavuvi na wapiga mbizi. Majalada ya vitabu vyake hayakubeba jina la ukoo wake. Alijiita Mvuvi wa Halikarnasi, na kwa wengi alibaki kuwa Mvuvi tu.

Watu waliobadilishwa kama mizigo

Ni akina nani hao waliokuwa wameondoka? Januari 1923 Ugiriki na Uturuki zilitia saini mkataba wa kubadilishana watu. Wakristo wa Kiorthodoksi waliokuwa Uturuki wapelekwe Ugiriki, Waislamu waliokuwa Ugiriki wapelekwe Uturuki. Hakuna aliyeulizwa anapenda kukaa wapi. Zaidi ya watu milioni moja na nusu walihamishwa kwa ujumla, kwa kigezo cha dini.

Bodrum ikapoteza Wagiriki wake, waliokuwa mafundi, wafanyabiashara na mabaharia. Nafasi yao ikachukuliwa na Waislamu kutoka kisiwa cha Krete. Kumbe wageni hao wengi wao lugha ya nyumbani ilikuwa Kigiriki. Walifika kwenye nchi wanayoambiwa ni yao, hawaelewi jirani anasema nini, na wanakabidhiwa nyumba ambazo wenyewe wake wameondoka juzi.

Bahari lakini walikuwa wanaijua. Baadhi yao wakaishika kazi iliyokuwa inalisha pwani nzima, upande wa Uturuki na upande wa visiwa: kazi ya sponji.

Mkate uliokuwa chini ya maji

Sponji ya kweli siyo ile ya dukani yenye rangi ya njano na kijani. Ni mnyama wa baharini, anashikamana na mwamba, na ukishamtoa, ukamkanyaga, ukamwosha na kumkausha, kinachobaki ni kiunzi laini kinachonyonya maji. Wanawake wa Jambiani kule Zanzibar wanazilima siku hizi kwenye kamba, maji ya kiunoni. Mediterania walikuwa wanazifuata ziliko, na ziliko ni chini sana.

Kwa karne nyingi mpiga mbizi alishuka uchi, ameshika jiwe bapa mkononi limvute chini, kamba ikimuunganisha na chombo. Pumzi moja, mita 30 hivi, anakata anachoweza, anatikisa kamba, anavutwa juu. Ilikuwa kazi ngumu, ila mwili wenyewe ulikuwa unaweka mipaka. Pumzi ikiisha, kazi imekwisha.

Miaka ya 1860 likafika vazi jipya kutoka Ulaya: turubai lililopakwa mpira, viatu vya risasi, kofia ya shaba yenye vioo, na mpira wa kupitishia hewa kutoka kwenye pampu iliyoko juu. Kwenye kisiwa cha Symi wanasimulia kwamba watu walipoliogopa, mke mjamzito wa mtu aliyelileta ndiye aliyelivaa akashuka nalo bandarini, mbele ya umati, ili kuonyesha kwamba halina neno.

Neno lilikuwepo, ila halikuonekana bandarini kwenye maji mafupi. Mtu akikaa kina kirefu anavuta hewa iliyogandamizwa, na gesi ya naitrojeni inaingia kwenye damu yake. Akipanda polepole inatoka salama. Akipanda haraka inachemka ndani ya mishipa kama chupa ya soda iliyotikiswa ikafunguliwa. Mapovu yanaziba njia ya damu na kuharibu uti wa mgongo. Mtu anavuliwa kofia anacheka, anawasha sigara, dakika chache baadaye miguu haipo tena. Wengine walikuwa wanakufa hapohapo sitahani.

Wapiga mbizi hawakujua kwa nini. Jedwali la kwanza la kisayansi la kumwelekeza mtu namna ya kupanda kwa vituo lilichapishwa Uingereza mwaka 1908, zaidi ya miaka 40 baada ya vazi kufika visiwani. Na kulichapisha ni jambo moja, kulifikisha kwa nahodha wa sponji ni jambo lingine.

Halafu kulikuwa na suala la pesa. Kalymnos, kisiwa kilichoongoza kwa kazi hii, mpiga mbizi alilipwa kabla ya kuondoka. Pesa hizo aliiachia familia, nyingine alizitapanya kwenye sherehe za kuagana, maana hakuna aliyekuwa na uhakika wa kurudi. Baada ya Pasaka vyombo viliondoka kwa pamoja kwenda mpaka pwani za Libya, Tunisia na Misri, na kurudi ilikuwa ni karibu na majira ya baridi. Mtu aliyekwishalipwa na akazila hawezi kusema leo najisikia vibaya sishuki. Anadaiwa. Deni ndilo lililokuwa linamvuta chini kuliko viatu vya risasi.

Kalymnos mpaka leo kuna ngoma moja inachezwa na wanaume. Wanaanza kwa mbwembwe, halafu kiongozi wa mstari, mwenye fimbo mkononi, miguu inaanza kumtetemeka, anashindwa kusimama, anajikokota. Mwishoni anaitupa fimbo na kucheza tena kama kijana. Anayemwigiza ni mpiga mbizi aliyepooza. Mgeni anapiga makofi akidhani ni vichekesho, wazee wanatazama kimya.

Safari ya mkate mkavu

Turudi Bodrum kwa yule Mvuvi. Vita Kuu ya Pili ilipokuwa inaisha, katikati ya miaka ya 1940, alianza kuwakaribisha rafiki zake kutoka Istanbul na Ankara: waandishi, wachoraji, walimu wa vyuo. Hakukuwa na boti za kukodi watalii kwa sababu hakukuwa na watalii. Walichokodi ni chombo cha sponji na nahodha wake.

Vyombo vyenyewe, tirhandil kwa jina la huko, vilikuwa vidogo, vimechongoka mbele na nyuma, vinanuka samaki na mafuta ya injini. Hapakuwa na chumba wala choo. Watu walilala juu ya sitaha chini ya nyota. Vyakula: mkate mkavu, jibini, maji, tumbaku na pombe ya rakı. Kitoweo kilitoka baharini, na siku ambazo bahari ilikataa kutoa, jibini lilitosha. Sheria moja ilijulikana na wote: magazeti marufuku, redio marufuku.

Waliingia Ghuba ya Gökova, mashariki ya Bodrum, ambako misonobari inakuja mpaka ukingoni mwa maji. Walipita kisiwa cha Sedir, chenye mchanga mweupe wa ajabu ambao hadithi inasema uliletwa kwa meli kutoka Misri kwa ajili ya Kleopatra. (Mchanga huo sasa umewekewa ulinzi, na kuondoka nao ni marufuku.) Mchana waliogelea na kupanda kwenye magofu. Usiku Mvuvi alisimulia, kwa sauti iliyokuwa kubwa kama ya mtu anayeita chombo cha mbali, kuhusu miungu, wafalme na mabaharia wa pwani hiyo.

Lakini haikuwa starehe tupu. Wengi wa watu hao walikuwa wanatazamwa na serikali kwa jicho baya kwa mawazo yao. Mmoja wao, mwanamke mtaalamu wa lugha za kale, alipoteza kazi yake ya chuo kikuu mwishoni mwa miaka ya 1940 wakati walimu wenye mrengo wa kushoto walipokuwa wanaondolewa. Ndani ya chombo cha sponji hakukuwa na wa kuwasikiliza isipokuwa nahodha. Na walichokuwa wanasema kilikuwa kizito kwa wakati ule: kwamba ardhi hii imepitiwa na Wahiti, Wagiriki, Warumi, Waturuki, na wote ni wazee wa nyumba moja. Ukisema hivyo kwenye nchi iliyotoka kuwafukuza Wagiriki miaka 20 iliyopita, ujue umesema.

Yule mwanamke aliendelea na kazi bila chuo. Pamoja na mshairi mmoja aliitafsiri Iliad ya Homer kwa Kituruki. Mwaka 1962 akatoa kitabu kuhusu safari zile, na jina lake likashika kuliko yeye mwenyewe alivyotarajia: Mavi Yolculuk, yaani Safari ya Bluu. Mwaka 1971, jeshi lilipoingilia tena siasa, yeye na wenzake wakakamatwa kwa madai ya ukomunisti. Baadaye mahakama ikawaachia huru.

Leo maneno hayo mawili yako kwenye kila tangazo la kukodisha boti kuanzia Bodrum mpaka Antalya.

Biskuti zenye masikio

Wakati wasomi wanasimulia habari za kale usiku, watu waliokuwa wanazigusa kwa mikono ni wapiga mbizi. Wao ndio waliokuwa wanatembea chini. Nyavu zilikuwa zinanasa masanamu, miguu ilikuwa inakanyaga mitungi. Kwao vilikuwa ni takataka za bahari, au chuma chakavu cha kuuza.

Mwaka 1958 alifika Bodrum mpiga picha mmoja kutoka Marekani, akawa anakaa na manahodha, anakunywa nao, anawasikiliza. Kapteni mmoja akamtajia rundo la shaba iliyooza karibu na rasi ya Gelidonya. Mwaka 1960 wataalamu wakashuka. Kiongozi wao alikuwa mwanafunzi wa mambo ya kale ambaye mafunzo yake ya kupiga mbizi aliyapata kwenye bwawa la kuogelea kule Philadelphia. Wakakuta meli ya miaka 3,200 hivi iliyopita. Ilikuwa mara ya kwanza meli ya kale kuchimbuliwa yote chini ya bahari na wataalamu wenyewe wakiwa majini.

Wataalamu wakaelewa kwamba ramani bora ya bahari iko vichwani mwa wapiga mbizi. Wakawa wanatembelea vijiji wakiwaonyesha michoro ya vitu vya kuangalia. Mwaka 1982, karibu na mji wa Kaş, kijana mmoja mpiga mbizi akapanda juu akamwambia nahodha wake ameona biskuti za chuma zenye masikio. Nahodha alishaiona michoro. Akajua palepale.

Zilikuwa vipande vya shaba vilivyosubuwa miaka 3,300 hivi iliyopita, kila kimoja na pembe nne za kushikia. Uchimbuaji ulianza 1984 ukaisha 1994, na watu walishuka zaidi ya mara 22,000, kwenye kina cha mita 44 mpaka 61. Meli hiyo ya Uluburun ilikuwa na shaba tani 10 na bati tani 1, kipimo kilekile cha kutengenezea shaba nyeusi ya silaha. Kulikuwa na vioo vya bluu, mitungi ya utomvu, dhahabu, na muhuri mdogo wenye jina la malkia Nefertiti wa Misri.

Na kulikuwa na Afrika. Mbali na pembe za tembo, meno ya viboko na maganda ya mayai ya mbuni, kulikuwa na magogo ya mti mweusi ambao Wamisri waliununua kutoka kusini kwao. Wataalamu walipoupima mti huo, jina la kisayansi likawa Dalbergia melanoxylon. Kwa Kiswahili: mpingo. Mti huohuo ambao Wamakonde wanauchonga ulikuwa umelala chini ya bahari ya Uturuki tangu enzi za mafarao. Gogo lilikatwa na mtu fulani mahali fulani Afrika, likapita mikono mingi, likapakiwa na mabaharia wa nchi kadhaa. Kati ya wote hao, kuanzia mwenye shoka mpaka nahodha, hakuna hata mmoja ambaye jina lake linajulikana.

Sponji ilipokufa

Kazi ya sponji ilipigwa mara mbili. Kwanza zikaja sponji za viwandani, bei poa. Halafu mwaka 1986 ugonjwa ukaingia kwenye sponji zenyewe, ukasambaa Mediterania mashariki, ukazioza pale pale kwenye miamba. Wapiga mbizi wa Kalymnos walikuwa wameshaanza kuhamia mbali tangu mwanzoni mwa karne ya 20, wengine mpaka Tarpon Springs, Florida. Wa Bodrum walikuwa na kitu kingine mkononi: vyombo, na jina la Safari ya Bluu.

Wageni walikuwa wanaongezeka, nao hawakutaka kulala sitahani na harufu ya samaki. Mafundi wa Bodrum na kijiji cha Bozburun wakaanza kunyoosha mbao za msonobari kwa vipimo vipya. Sehemu ya nyuma ikapanuliwa na kuviringwa ili iwe sebule. Chini vikawekwa vyumba, vyoo, baadaye viyoyozi. Hiyo ndiyo gulet unayoiona kwenye picha. Milingoti imebaki, lakini nyingi zinakwenda kwa injini na matanga yanapandishwa zaidi kwa ajili ya kamera. Ilifika mahali wapenzi wa matanga wakaanzisha mashindano ya kila mwaka, Bodrum Cup, mwaka 1989, ili majahazi ya mbao yasisahau kusafiri kwa upepo. Mwaka 1997 uwanja mpya wa ndege ukafunguliwa kati ya Milas na Bodrum. Mji wa adhabu ukawa safari ya saa moja hivi kutoka Istanbul.

Watoto wa wapiga mbizi wakawa manahodha, wapishi na mabaharia wa kubeba mizigo ya wageni. Kwa wengi yalikuwa ni maisha bora kuliko ya baba zao, na hakuna sababu ya kuyaonea huruma. Baba alishuka mita 50 kwa deni. Mtoto anatia nanga, anakaanga samaki, jioni anarudi na miguu yake miwili.

Ila ule mlango wa bahari kati ya Bodrum na Kos haujaacha kuchagua nani avuke vipi. Mwenye pasipoti nzuri anapanda feri asubuhi, anakunywa kahawa Ugiriki, jioni amerudi. Septemba 2015 familia za wakimbizi wa Siria zilipanda boti ndogo usiku kwenye pwani hiyohiyo kuelekea Kos. Mtoto wa miaka miwili akakutwa asubuhi amelala kifudifudi ufukweni, na picha yake ikazunguka dunia nzima. Wengi wa waliozama kwenye maji hayo mwaka huo hawakupigwa picha.

Mvuvi hakuyaona hayo. Mwaka 1947 alihamia Izmir ili watoto wake wapate shule, akaishi kwa kuandika na kuongoza watalii, akafa mwaka 1973. Alizikwa Bodrum, juu ya kilima kinachotazama bahari, na majahazi yanapita chini yake kiangazi chote.

Ile ngome nayo ipo bandarini. Mahali alipohukumiwa kufungiwa pamegeuzwa makumbusho ya vitu vilivyotoka chini ya bahari, na watu wanapanga foleni kukata tiketi. Ndani kuna mitungi, nanga za mawe, na zile biskuti za shaba zenye masikio. Sehemu kubwa ya vitu hivyo ilionekana kwanza na mpiga mbizi wa sponji.